Mechi Nairobi, Foleni Kericho: Jinsi Usafiri wa Hafla Kubwa Unavyopangwa

Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la mwaka wa 2027 litaandaliwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Kericho na Bomet hazimo katika orodha ya miji itakayokuwa na mechi. Hata hivyo, basi linalotoka Busia kwenda Nairobi kupitia Kisumu hupita hapa kwetu: Kapsoit, mjini Kericho, Chepseon, makutano ya Londiani, hadi Mau Summit. Shabiki wa Kampala anayefuata timu yake Nairobi huenda akapita mbele ya duka lako. Ndiyo maana ni vyema mkazi aelewe jinsi usafiri wa hafla kama hii unavyopangwa, na nafasi yake katika mpango huo.

Hesabu huanzia mwisho

Watu wengi hudhani kazi kubwa ni kuwafikisha mashabiki uwanjani. Kwa kweli, kuwaondoa ndiko kugumu zaidi. Mashabiki hufika kidogo kidogo kwa muda wa saa kadhaa, lakini kipenga cha mwisho kikilia, wote huondoka kwa pamoja.

Chukua uwanja mpya wa Talanta jijini Nairobi, uliokusudiwa kuwa na viti 60,000. Kila gari la kibinafsi likibeba watu watatu, yatahitajika magari 20,000. Kwa matatu za abiria 14, zitahitajika takriban 4,300. Kwa mabasi ya abiria 50, mabasi 1,200 yanatosha. Hiyo ndiyo sababu wapangaji huzuia magari madogo kukaribia uwanja na kutenga maegesho ya mbali, ambako watu hushuka na kumalizia safari kwa basi au kwa miguu.

Maegesho yakisahaulika, mpango wote huanguka. Julai 7, 2010, siku ya nusu fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uhispania na Ujerumani mjini Durban, Afrika Kusini, ndege za kibinafsi zilijaza uwanja wa ndege wa King Shaka. Ndege zilizobeba mashabiki zilikosa nafasi ya kutua, na mamia ya watu waliokuwa na tiketi mkononi wakakosa mechi.

Tiketi nayo ni chombo cha kupanga usafiri. Wakati wa mashindano ya CHAN, Agosti 2025, baada ya mashabiki wasio na tiketi kuingia Kasarani kwa nguvu, shirikisho la soka Afrika, CAF, lilipunguza tiketi za mechi ya Kenya na Zambia hadi 27,000. Mtu asiye na tiketi hahesabiwi katika mpango, lakini barabarani anachukua nafasi.

Nani anafanya nini?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa kazi. Serikali ya kaunti inasimamia barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho pamoja na usafiri wa umma katika eneo lake. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa, kupitia mamlaka ya KeNHA. Polisi wa trafiki wako chini ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, nayo NTSA hutoa leseni za magari ya abiria.

Kwa hivyo hakuna ofisi moja inayoweza kupanga hafla kubwa peke yake. Sisi wa Kericho tunalijua hilo. Oktoba 20, 2023, uwanja wa Kericho Green ulikuwa mwenyeji wa sherehe za kitaifa za Mashujaa Dei, zilizoongozwa na Rais William Ruto. Mji mmoja, barabara kuu moja, na wageni kutoka kila pembe ya nchi.

Wasiokwenda kwenye hafla

Mpango mzuri huwakumbuka pia wasio na haja na mechi. Majani ya chai yaliyochumwa asubuhi hayangoji. Yakikaa kwenye lori yakiwa yamerundikana, hupata joto na kuharibika kabla ya kufika kiwandani. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya rufaa ya Kericho au ya Longisa hawezi kungoja msafara upite. Kila barabara inapofungwa, lazima iachwe njia ya ambulensi, na ratiba ya kufunga itangazwe mapema ili viwanda na wenye malori wajipange.

Kisha kuna usalama wa kando ya barabara. Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani na kuwagonga wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na abiria. Zaidi ya watu 50 walifariki. Hatutawasahau. Siku za hafla, magari huongezeka na wachuuzi hufuata wateja. Ukiombwa kusogeza kibanda au steji ya bodaboda mbali na lami, kumbuka siku hiyo.

Ukipanga kwenda Nairobi

Kutoka Kericho hadi Nairobi ni takriban kilomita 260, safari ya saa tano au zaidi. Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kwenda na kurudi usiku huohuo kunapita kiwango hicho. Kwa hivyo, kabla ya kuchanga pesa za kukodi matatu:

• Hakikisha kuna madereva wawili, au mlale Nairobi na kurudi kesho yake.

• Mwulize mwenye gari kama ana kibali cha NTSA cha kusafiri nje ya njia yake ya kawaida.

• Kumbuka kwamba kikomo cha kasi kwa magari ya abiria ni kilomita 80 kwa saa. Ondokeni mapema badala ya kumharakisha dereva.

• Fuatilia hali ya barabara. Ujenzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025, na kazi hiyo inaweza kupunguza mwendo. Wakazi wa Bomet wana njia ya Narok na Mai Mahiu.

• Usisafiri bila tiketi ukitumaini kuingia langoni.

Na wewe utakayebaki nyumbani, ukisikia tangazo la barabara kufungwa, liulizie saa: inafungwa lini, inafunguliwa lini, na njia mbadala ni ipi? Ni haki yako kujua mapema, na ni wajibu wetu kukujulisha.