Mtoto Achore Punda Wake Mwenyewe

Wazazi wengi siku hizi hujivunia kwamba watoto wao wanaijua tarakilishi. Mtoto akibonyeza kitufe na picha ikaruka kiwamboni, sote hupiga makofi. Mimi pia nilikuwa katika kundi hilo la wapiga makofi hadi Jumamosi moja mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, aliponiletea kipakatalishi na kuniambia, "Mjomba, hebu tazama kazi yangu."

Mwalimu alikuwa amewaagiza watunge hadithi fupi yenye picha, sauti na mwendo kuhusu kazi inayofanywa mtaani mwao. Binti huyu alimchagua muuza maji anayepita kwetu kila asubuhi na mkokoteni wake wa punda. Programu aliyoitumia ni Scratch, iliyobuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani na kutolewa kwa umma mwaka 2007. Ndani yake mna ghala la picha zilizokwisha kuchorwa. Basi akateua farasi, akamweka mbele ya maghorofa, akamwamuru atembee.

"Na mkokoteni u wapi?" nikamuuliza.

"Sikuuona humo, Mjomba. Nimeuacha."

Jibu hilo lilinisumbua usiku kucha. Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Muuza maji wetu, pamoja na mitungi yake ya lita 20, alikuwa ameondolewa katika hadithi yake mwenyewe kwa sababu tu mchoraji wa ng'ambo hakuwahi kumwona. Mtoto anayeishi kwa kuteua ghalani huishia kusimulia kile ambacho ghala limemruhusu kusimulia.

Kesho yake tuliketi pamoja tukafungua ukumbi wa kuchorea, ambao wanafunzi wengi huupita bila kuutupia jicho. Humo mna brashi, kifutio, ndoo ya rangi, mstari, duara na mstatili. Mpwa wangu alichora mwili wa punda kwa brashi, kisha akamwaga rangi ya kijivu kwa ndoo. Lo! Mbingu na ardhi zikawa kijivu. Alikuwa ameacha mwanya mdogo karibu na mkia, na rangi ikavuja humo kama maji ya mtungi uliotoboka. Tukatendua, tukaziba mwanya, tukamwaga tena.

Alipomkuza punda huyo, kingo zake zikawa na meno kama msumeno. "Mjomba, mbona anameguka?" Hapo ndipo somo lenyewe lilipoanza. Nilimweleza kwamba kuna michoro ya namna mbili. Wa kwanza, uitwao bitimapu, ni mkusanyiko wa nukta zenye rangi, mfano wa mkeka uliosukwa. Ukiuvuta, kila ukindu huonekana. Wa pili, uitwao vekta, hauhifadhi nukta bali hesabu za mistari na mikunjo yake. Ukiukuza, tarakilishi huuchora upya, nao hubaki laini. Akajaribu kubonyeza kitufe cha kugeuza bitimapu kuwa vekta, lakini meno hayakutoweka. Kitufe hicho hakiwezi kurejesha mistari ambayo haikuwahi kuwekwa. Ilimlazimu kuanza upya.

Safari hii alichora kwa vekta, akavuta ncha za mstari mpaka masikio ya punda yakasimama. Gurudumu la mkokoteni alilitengeneza kwa duara na kulinakili. Lakini lilipozunguka liliyumba kama mlevi, kwa kuwa hakuwa ameliweka juu ya alama ya kitovu ambayo mchoro huizunguka. Akalisogeza, likatulia. Kisha akanakili mwili wa punda mara nne, akibadilisha miguu kidogo katika kila nakala, na nakala hizo zilipofuatana upesi, punda akatembea. Jioni hiyo alijifunza jiometri na subira kwa pamoja.

Jambo hili si geni. Mwaka 1984 Bill Atkinson wa kampuni ya Apple alitoa MacPaint, programu ya kuchorea iliyokuwa na penseli, kifutio na ndoo ya rangi. Mwaka 1987 akatoa HyperCard, iliyoweka zana hizo bega kwa bega na sauti na vitufe, hata mwalimu asiye mhandisi akaweza kujitungia somo. Ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, waliitumia kuunda mchezo mashuhuri wa Myst uliotoka mwaka 1993. Tangu mwanzo nia ilikuwa kwamba anayetunga hadithi awe pia ndiye anayeichora.

Najua walimu watanijibu kwamba mashine ni chache na vipindi ni vifupi. Ni kweli. Lakini karatasi na penseli si ghali; mtoto na achore kwanza daftarini, afike mbele ya mashine akijua anachokitaka. Scratch yenyewe, ikishawekwa mashinini, hufanya kazi bila intaneti. Wengine watasema kuwa akili unde huchora punda kwa nukta ya dakika. Sawa, lakini mtoto ambaye hajawahi kuchora hatamu atajuaje kuwa imefungwa pasipofaa?

Nawasihi walimu wafanye mambo mawili. Kwanza, wanaposahihisha, alama zitengwe kwa mchoro wa mwanafunzi mwenyewe, hata ukiwa umepinda. Pili, wawafunze watoto kuhifadhi michoro yao kando, nje ya programu. Flash, iliyobeba masomo na michezo mingi ya watoto, iliacha kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2020, na kazi nyingi zikabaki kama sanduku lisilo na ufunguo.

Mpwa wangu aliipeleka kazi yake shuleni. Punda wake alifanana kidogo na mbuzi, naye akachekwa. Lakini mkokoteni ulipoingia kiwamboni na mitungi yake ya manjano, mwenzake mmoja alimtaja muuza maji kwa jina kabla hajaulizwa. Mimi sina haja ya ushahidi mwingine.