Kushirikishwa na Kushauriana: Istilahi za Uwajibikaji wa Makampuni ya Kimataifa na Ardhi ya Kijiji Wilayani Songea

Miongozo ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) kwa makampuni ya kimataifa ilitolewa mwaka 1976, ikarekebishwa mara kadhaa, hata mwaka 2023. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu ziliidhinishwa Geneva mwaka 2011. Hakuna kati ya hizo iliyo sheria kwa makampuni. Nguvu yake imo katika maneno, na maneno hayo hufika kijijini kwa Kiswahili.

Makala haya yanahusu hasa neno ushirikishwaji, ambalo hutumiwa kila panapodaiwa kwamba wananchi walisikilizwa. Kitenzi kushirikishwa kimebeba kauli mbili, ya kutendesha na ya kutendwa. Anayeshirikishwa ni mtendwa; mtendaji ni mwingine, naye ndiye aamuaye mazungumzo yaanze lini na yakome wapi. Kushauriana, kwa upande mwingine, kuna kiambishi -an- cha kutendana: pande zote mbili hunena na kusikiliza. Miongozo ya OECD inataka mawasiliano ya pande mbili yenye nia njema. Kwa hiyo istilahi iliyozoeleka inapunguza kile hasa kinachodaiwa.

Tofauti hii si ya kisarufi tu. Huko Lipokela, wilayani Songea, Aviv Tanzania, kampuni tanzu ya Olam ya Singapore, ilianzisha shamba la kahawa la karibu hekta 2,000. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 inapohamishwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, huamua Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Hivyo basi, kadiri ardhi inayoombwa inavyokuwa kubwa, ndivyo kauli ya kijiji inavyopungua uzito, na ndivyo mashauriano yanavyohitajika zaidi.

Isitoshe, Singapore na Tanzania hazijaridhia miongozo ya OECD. Kwa makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, hali ilikuwa tofauti: Intra Energy ya Australia ilimiliki asilimia 70 ya Tancoal, Shirika la Maendeleo la Taifa likiwa na 30. Australia imeridhia, na ina ofisi ya kupokea malalamiko.

Neno fidia nalo lina kasoro. Asili yake ni Kiarabu, ambako lilihusu kumkomboa mateka kwa malipo, na hata leo msikilizaji husikia fedha. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataja pia kuomba radhi, kurejesha kilichochukuliwa na kuhakikisha kosa halirudiwi. Nafuu, neno la mahakamani, linakaribia zaidi maana hiyo.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hata hivyo, muhtasari unaoandika kwamba "wananchi walishirikishwa" unathibitisha tu kwamba mkutano ulifanyika. Hausemi nani aliuliza nini kuhusu maji ya mto, wala alijibiwaje.