Anwani ya lakabu yaokoa barua pepe za ofisi

Na Mwandishi Wetu

OFISI inayowapa wateja anwani ya barua pepe ya mtumishi mmoja hujiweka hatarini. Mtumishi huyo akiacha kazi, maagizo na malalamiko huendelea kuingia katika kisanduku kisichofunguliwa na mtu.

Dawa yake ni anwani ya lakabu, kama vile "mauzo" au "malalamiko". Anwani hiyo haina kisanduku chake. Ni jina tu ambalo seva hulitambua na kuwapelekea ujumbe wahusika waliotajwa.

Katika seva zinazotumia programu ya Postfix, msimamizi huandika katika faili la /etc/aliases mstari kama huu:

mauzo: asha, juma

Kisha hutoa amri ya newaliases ili mabadiliko yatambuliwe. Mtumishi akiondoka, hubadilishwa mstari huo tu. Wateja huendelea kutumia anwani ileile.

Hata hivyo, tahadhari yahitajika pale ujumbe unapoelekezwa nje ya ofisi, kwa mfano Gmail. Kwa utaratibu uitwao SPF, seva ya huko huangalia iwapo seva iliyouleta ujumbe imeidhinishwa kutuma kwa jina la taasisi ya mtumaji. Kwa kuwa seva ya ofisi haimo katika orodha hiyo, ujumbe halali waweza kukataliwa au kutupwa miongoni mwa barua taka.

Utaratibu mwingine, SRS, hupunguza tatizo hilo kwa kubadilisha anwani ya mtumaji iliyo kwenye bahasha ya ujumbe. Lililo salama zaidi ni kuielekeza lakabu kwenye visanduku vya ofisi yenyewe.