Plagi za pikapu iliyotembea sana: Kazi ndogo inayoweza kuharibu injini

PIKAPU inayotumia petroli ikishatembea zaidi ya kilomita 300,000, kazi inayoonekana ndogo ya kubadilisha plagi yaweza kumgharimu mwenye gari kichwa kizima cha injini. Kwa anayeishi kwa kubeba matofali au mboga na Toyota Hilux ya zamani jijini Dar es Salaam, hasara ya namna hiyo ina maana ya siku kadhaa bila kipato.

Kwanza msomaji ajue gari lake ni la aina gani. Hilux nyingi zilizopo katika barabara zetu ni za dizeli, zenye injini kama 2L, 3L na 5L. Hizo hazina plagi za cheche, kwani dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, na plagi zilizomo ni za kupasha joto wakati wa kuwasha. Tunazozizungumzia hapa ni za petroli, mathalani zenye injini ya 22R iliyosifika miaka ya 1980 na 1990.

Kila cheche inaporuka katika pengo la plagi, hula chembe ndogo ya chuma. Pengo hupanuka, koili hulazimika kutoa umeme mkubwa zaidi, na hatimaye cheche hukosekana. Hapo ndipo mafundi husema injini "inamisi": gari hutetemeka likisimama, huchelewa kuitika mlimani, na petroli isiyoungua hutoka na moshi. Plagi za kawaida za nikeli hudumu kati ya kilomita 20,000 na 40,000. Za iridiamu au platinamu hufikia takriban 100,000.

Injini lazima iwe baridi kabla ya kufungua. Kichwa cha 22R ni cha aluminiamu, ilhali plagi ni ya chuma kigumu. Kuifungua ikiwa ya moto ni kukaribisha hesi za kichwa zitoke pamoja nayo. Fundi anayekwambia "twende tu, haina neno" gari likiwa limetoka safarini anacheza na fedha zako, si zake.

Vumbi lililozunguka plagi lipulizwe kwanza kwa hewa ya kompresa, la sivyo mchanga utadondoka ndani ya silinda. Waya zichomolewe moja moja kwa kushika kofia yake na si waya wenyewe. Aidha, zisichanganywe, kwani mpangilio wa moto wa 22R ni 1-3-4-2 na ukikosewa gari halitawaka sawasawa.

Plagi iliyoganda isilazimishwe. Izungushwe robo, itiwe mafuta ya kulegeza kutu, iachwe kwa muda, kisha irudishwe mbele na nyuma taratibu. Tatizo hili si la magari ya zamani ya kwetu tu. Huko Marekani, pikapu za Ford F-150 za miaka ya 2004 hadi 2008 zenye injini ya lita 5.4 ya valvu tatu kwa silinda zilijulikana kwa plagi kukatikia ndani, hata kampuni ikatoa maelekezo maalumu ya kuzifungua.

Plagi za zamani zisitupwe upesi. Zipangwe mezani kwa namba za silinda, kwani ndizo zinazoeleza hali ya injini. Ncha ya kahawia hafifu au kijivu ni dalili njema. Masizi meusi makavu huashiria petroli nyingi kuliko hewa, pengine kwa sababu ya kichujio cha hewa kilichoziba au kabureta. Nyeupe yenye malengelenge ni joto la kupita kiasi. Iliyolowa oili ndiyo habari mbaya zaidi kwa gari lililotembea sana: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na plagi mpya itachafuka vilevile baada ya muda mfupi. Muuzaji wa gari anayesifu "plagi mpya zote" yafaa aombwe azifungue.

Kabla ya kufunga, pengo lipimwe. Kwa 22R ni milimita 0.8. Za iridiamu zisigongwe wala kupindwa, ncha yake ni nyembamba mno. Kisha plagi ianzishwe kwa mkono. Wapo mafundi wanaoivika kipande cha mpira wa petroli na kuuzungusha: plagi ikikosea hesi, mpira huteleza kabla madhara hayajatokea. Ni ujanja wa senti chache unaozidi spana ndefu kwa mbali. Plagi mpya yenye washa bapa ikishagusa, huongezewa nusu mzunguko hadi theluthi mbili tu.

Jambo jingine ni bidhaa bandia. Maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani yana plagi halisi nzuri, lakini iridiamu inayouzwa kwa bei ya nikeli inastahili kutiliwa shaka. Tazama kama maandishi ya kauri yanafutika kwa kucha, na kama ncha imekaa katikati sawasawa.

Iwapo injini itaendelea kumisi baada ya yote hayo, seti nyingine ya plagi haitasaidia. Zipimwe waya, kifuniko cha distributa, na mgandamizo wa kila silinda.