Njia Njema ya Baisikeli Katika Mji

Baisikeli, ambayo wengi wetu tunaiita kinga, ni chombo kizuri kwa afya. Inazoeza moyo, mapafu na miguu. Haitaki mafuta. Inamfaa hata mtu mwenye maumivu ya magoti, kwa sababu uzito wa mwili unakaa juu ya kiti na hauyalemei magoti. Munganga akimwambia mgonjwa wa presha au wa sukari, "Zoeza mwili wako," baisikeli ni njia moja ya kulifuata shauri hilo. Kwa mtu mzima, dakika 150 za mazoezi ya kadiri kila juma zinaleta faida kubwa. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano.

Lakini mtu anayekaa Butembo au Beni, au anayetoka Musienene kwenda sokoni Butembo, atauliza: "Nipite wapi? Barabara imejaa pikipiki na kamyo." Ulizo hilo ni la haki. Mwaka wa 2021, watu karibu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani kote, na zaidi ya nusu yao walikuwa watu wa miguu, wa baisikeli na wa pikipiki. Faida ya mwaka mzima inaweza kupotea kwa dakika moja katika njia mbaya.

Basi, shika neno hili moja: njia njema ya baisikeli si ile iliyo fupi kuliko zote. Ni njia ambayo unaweza kusimama mahali popote bila kuogopa. Ukiona kwamba hapa huwezi kusimama, kwa sababu ya mteremko, au mtaro, au kamyo iliyo nyuma yako, ujue njia hiyo si yako.

MJI WETU ULIVYO

Butembo ni mji wa vilima, karibu metre 1,800 juu ya bahari. Mto Kimemi unapita katikati yake, na vijito vingine vinapita mabondeni. Barabara kubwa inayotoka Goma kwa njia ya Lubero inapita Musienene, inaingia mjini, kisha inaendelea Beni. Kamyo zote za safari ndefu zinapita humo. Beni iko chini zaidi, karibu metre 1,200. Joto lake ni kubwa na vilima vyake ni vidogo, lakini Bulevari Nyamwisi ina magari na pikipiki nyingi.

Tena kuna jambo ambalo wageni hawalijui. Katika Kongo tunapita upande wa kuume wa barabara. Katika Uganda watu wanapita upande wa kushoto. Magari mengi yanayoingia kwa njia ya Kasindi yana usukani upande wa kuume, kama ya Uganda. Shofere wa gari la namna hiyo, akitaka kulipita gari lingine katika nchi yetu, haoni vizuri mbele yake mpaka ametokeza gari lake katikati ya barabara. Kwa hiyo wewe unayekuja mbele yake, usitumaini kwamba amekuona.

MAMBO MATANO YA KUANGALIA

1. Mteremko. Mwendo ukizidi mara mbili, baisikeli inahitaji nafasi mara nne ili freni ziisimamishe. Ukiwa na mzigo wa makaa au wa viazi, ni vibaya zaidi. Freni zikilowa maji ya mvua, nguvu yake inapungua sana.

Katika mji wa vilima, njia zinazokata kilima zinashuka mpaka kijito na kupanda tena ng'ambo. Chini kabisa kuna kilalo chembamba. Ndipo hatari inapokuwa kubwa, kwa maana kila mtu anafika pale na mwendo mkali, na nafasi ni ndogo. Tafuta njia zinazofuata ubavu wa kilima, au zinazofuata bonde bila kulikata. Zinazunguka, ndiyo, lakini hazikuchoshi upesi wala hazikukimbizi. Ukikutana na mteremko mkali, shuka na kusukuma. Hiyo si aibu. Hata watu wa chukudu wanaoshusha mizigo huko Goma wanapunguza mwendo kwa kukanyaga kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, kwa kuwa wanajua kwamba mzigo hauna huruma.

2. Udongo wa njia. Barabara zetu nyingi ni za udongo. Wakati wa jua ni vumbi, wakati wa mvua ni utelezi. Usichague njia kwa kuiangalia siku ya jua peke yake. Iangalie pia asubuhi baada ya mvua ya usiku. Njia yenye changarawe kidogo na mitaro iliyofunguliwa inakauka upesi. Njia ambayo maji yanapita katikati yake itakuwa na mashimo kila msimu. Angalia tena ukingo wake: kama mtaro ni mrefu na hauna ukuta wala nyasi za kuonya, usiendeshe karibu nao.

3. Kamyo na pikipiki. Usihesabu magari tu, angalia yanafanya nini. Mahali ambapo pikipiki zinangoja abiria, zinageuka ghafula. Mahali ambapo kamyo zinapakuliwa, watu wanatokea katikati yao bila kuonekana, na milango inafunguliwa. Kamyo inayogeuka kuume ni hatari kubwa kwa mtu wa baisikeli aliye upande wake wa kuume, kwa sababu shofere hamwoni na gurudumu la nyuma linakata kona. Usijiingize kamwe kati ya kamyo na ukingo wa barabara. Ngoja nyuma yake.

Mara nyingi dawa ni nyepesi: acha barabara kubwa, ingia njia ya pili au ya tatu inayoenda sambamba nayo kati ya nyumba. Huko gari haliwezi kukimbia.

4. Vumbi na moshi. Mtu anayeendesha baisikeli anavuta hewa nyingi kuliko mtu aliyekaa. Kamyo inayopanda kilima inatoa moshi mweusi, na wewe unayepanda nyuma yake unaumeza. Mwenye pumu, au aliyewahi kuugua mapafu, ajihadhari zaidi. Ukihama kutoka barabara kubwa mpaka njia ya nyuma, moshi unapungua sana. Kama huna njia nyingine, simama kando, acha kamyo ipite, hesabu mpaka vumbi lishuke, kisha endelea.

5. Watu. Njia yenye watu wanaokujua ni njema kuliko njia isiyo na mtu. Ukianguka, watakusaidia. Lakini njia ya soko siku ya soko, au njia ya shule saa ya watoto kutoka, si mahali pa kuendesha. Shuka, sukuma, pita polepole.

CHAGUA SAA PAMOJA NA NJIA

Njia moja inaweza kuwa mbaya saa moja na njema saa nyingine. Sisi tuko karibu na mstari wa katikati ya dunia, hivi jua linatoka karibu saa kumi na mbili asubuhi na kushuka karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Saa iliyo bora ni ile ya kwanza baada ya mapambazuko: hewa ni baridi, vumbi limelala, maduka hayajafunguliwa. Saa iliyo mbaya ni ile ya jioni, wakati kila mtu anakimbilia nyumbani na giza linaingia upesi. Usiendeshe usiku bila taa mbele na kitu chekundu chenye kung'aa nyuma. Jikumbushe kwamba taa ya pikipiki inayokuja inakupofusha, na wakati huo huo shofere wake hakuoni.

Asubuhi ya Siku ya Mungu njia za maduka zinapumzika. Miji mingine imeifanya siku kama hiyo kuwa desturi. Huko Bogotá, katika Kolombia, tangu mwaka wa 1974 wanafunga barabara kubwa kwa saa kadhaa za Siku ya Mungu, na watu wa baisikeli na wa miguu wanazijaza. Karibu nasi, mji wa Kigali ulianza mwaka wa 2016 kuwa na siku ambazo magari yanazuiwa katika barabara fulani ili watu wazoeze miili yao. Katika Uholanzi watu wanaona leo njia nyingi za baisikeli na kudhani zilikuwako tangu zamani. Sivyo. Mwaka wa 1971 watoto zaidi ya 400 walikufa huko katika ajali za barabarani. Wazazi walilia, walisimama barabarani, nao wakuu wakaanza kujenga njia za peke yake. Wakubwa wa mitaa yetu nao wanaweza kuombwa. Kuziba shimo, kupanua kilalo, kukataza pikipiki kukimbia mbele ya shule, haya hayahitaji mali nyingi.

JARIBU NJIA KWA MIGUU

Kabla ya kupita njia mpya na baisikeli, itembee kwa miguu. Uangalie: ni wapi nitasimama kamyo ikija? Kilalo kina upana gani? Mbwa, mbuzi na watoto wanatoka wapi? Kisha ipite na baisikeli asubuhi moja, polepole. Kisha ipite baada ya mvua. Ikishinda majaribu hayo matatu, ifanye kuwa njia yako, na umwonyeshe jirani.

Neno la maonyo: tunasema habari za njia za ndani ya mji. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa na watu wenye silaha katika sehemu za Beni. Usitoke nje ya mji kwa mazoezi kabla ya kuuliza wenyeji na wakubwa wa mahali habari za siku ile ile. Kama hakuna habari ya hakika, zunguka karibu na nyumbani. Moyo haujui kama umezunguka mara kumi katika njia moja fupi. Unapata nguvu vilevile.

WATOTO NA WANAOJIFUNZA

Mtoto asijifunzie barabarani. Mpeleke kwenye uwanja wa shule au wa kanisa, kwa ruhusa ya wenye uwanja, wakati hapana mkutano. Afundishwe kwanza kusimama, halafu kwenda. Mtoto anayejua kukanyaga lakini hajui kusimama bado hajui baisikeli. Mama mzima anayetaka kujifunza asione haya. Achague saa ya asubuhi, afunge kitambaa vizuri kisishikwe na mnyororo, na mtu mmoja amshike kiti kwa nyuma.

KABLA YA KUONDOKA

Kaza freni zote mbili, jaza mipira upepo, angalia kengele. Vaa kofia ngumu ukiweza kuipata, kwa maana inapunguza sana majeraha ya kichwa. Mgonjwa wa sukari anayetumia dawa achukue sukari kidogo mfukoni. Akisikia kutetemeka, jasho au kizunguzungu, ashuke na kuila. Mgonjwa wa presha aanze na njia ya tambarare, tena polepole. Mtu akisikia maumivu ya kifua asimame mara moja, apumzike, aje hospitali siku hiyo hiyo.

MTU AKIANGUKA

Kwanza zuia magari yasimkanyage. Usimwinue kwa haraka, usimkunje shingo. Bana jeraha linalotoka damu kwa kitambaa safi. Umlete hospitali bila kukawia ukiona mojawapo ya mambo haya: alizimia hata kidogo, anatapika, anasema maneno yasiyo na maana, ana usingizi usio wa kawaida, damu au maji yanatoka masikioni au puani, mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, ana degedege. Ishara hizi zinaweza kuja baada ya saa nyingi. Kwa hiyo aliyeumia kichwa asilale peke yake usiku ule. Mtu mwingine amwamshe mara kwa mara na kumwuliza jina lake.

MAULIZO

1. Njia njema ya baisikeli inajulikana kwa neno gani moja?
2. Kwa nini kilalo kilicho chini ya mteremko ni mahali pa hatari?
3. Ufanye nini kamyo iliyo mbele yako ikitaka kugeuka kuume?
4. Ni saa gani iliyo bora kwa kuzoeza mwili, na kwa nini?
5. Taja ishara tatu za mtu aliyeumia kichwa ambaye anapaswa kuletwa hospitali upesi.
6. Katika mtaa wako, ni njia gani utakayoijaribu kwa miguu juma hili?