JOTO LA KOKI LAGEUZWA KUWA ELEKTRISITI

Chuma hakipatikani katika mawe yake bila moto mkali na makaa bora. Hapo kale wahunzi wa nchi nyingi walitumia makaa ya miti. Katika mwaka 1709 Mwingereza Abraham Darby, huko Coalbrookdale, alifaulu kuyeyusha chuma kwa makaa ya namna nyingine, yaitwayo koki. Hata leo sehemu kubwa ya chuma cha dunia hupatikana kwa koki.

Koki hutengenezwa kwa makaa ya mawe. Kazi hiyo yafanana na ile ya mchoma makaa, afukiaye magogo kwa udongo ili hewa isiingie. Makaa ya mawe hutiwa katika matanuri yaliyozibwa, yakapashwa joto la digrii 1,000 za Sentigredi au zaidi, kwa muda wa saa 16 au zaidi. Gesi na lami hutoka, ikabaki koki, iliyo ngumu na yenye matundu madogo.

Shida huanza koki inapotolewa. Hutoka ikiwa nyekundu, na mara ikutanapo na hewa huanza kuteketea. Kwa hiyo sharti ipozwe upesi. Njia ya zamani ni kuimwagia maji mengi. Moto huzimika kwa dakika chache, lakini wingu kubwa la mvuke na vumbi hupanda angani, na vumbi hilo huwafikia wafanyakazi na majirani. Maji mengi hupotea, na joto lote hupotea pamoja nayo.

Katika njia ya pili koki haimwagiwi maji. Hutiwa katika chumba kirefu kilichofungwa, na gesi ambayo sehemu yake kubwa ni naitrojeni hupulizwa kutoka chini. Gesi hiyo haiwashi moto. Hupokea joto la koki, ikaenda kuchemsha maji katika boila, na mvuke wake huzungusha mashine za elektrisiti. Gesi iliyopoa hurudishwa chumbani kuanza safari tena. Tani moja ya koki yaweza kutoa karibu nusu tani ya mvuke.

Urusi ya Kisovieti iliikuza njia hii katika miaka ya 1960, kwani kule baridi kali huyagandisha maji. Wajapani, wasio na mafuta ya kutosha nchini mwao, waliifuata baada ya bei ya mafuta kupanda sana mwaka 1973.

Mitambo hiyo ni ya gharama kubwa, tena yataka uangalifu, maana gesi yake huwa na sumu ya monoksaidi ya kaboni. Lakini koki iliyopozwa hivyo ni kavu na imara zaidi. Kiwanda kimwagiacho koki maji hulipia joto la matanuri, kikalitupa angani; kisha hulipia elektrisiti ambayo joto lile lile lingaliweza kuitoa.