Tiketi ya Basi Isomeke kwa Saa Zetu

Kutoka kata ya Nyanungu, wilayani Tarime, wengi huanza safari ya Mwanza kwa bodaboda hadi Tarime mjini, kisha hupanda basi. Hapo stendi tulimkuta mama mmoja ameketi juu ya mkoba wake, adhuhuri ikikaribia. Alikuwa na miadi ya daktari Mwanza. Tiketi yake, aliyoifunga kwenye pindo la khanga, iliandikwa “06:00”, naye akaelewa saa sita mchana. Basi lilikwishaondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Hatuwezi kumlaumu. Sisi huhesabu saa tangu macheo. Hata swala ya Alfajiri twaitaja kuwa ya saa kumi na moja, si saa tano. Na tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, mwaka 2023, utata umezidi: “09:00” ni saa tatu asubuhi au saa tisa usiku?

Tiketi za kielektroniki huchapwa na mashine, kwa hiyo kubadili mpangilio wake si kazi kubwa. LATRA, msimamizi wa usafiri wa ardhini, ingeagiza maandishi makubwa juu kabisa: “Jumanne, saa 12 asubuhi”, na chini yake saa ya kufika stendi. Jina la kampuni lingeweza kushuka chini. Abiria anajua alikolipa nauli. Karatasi yenyewe nayo iwe imara, maana ya sasa hufifia kwa joto na jasho.

Kwa sasa, kijana anayemkatia mzazi wake tiketi achukue kalamu, aandike saa nyuma yake kwa Kiswahili.